Benki inafaulu jaribio la uhimilivu, kisha inafungwa: ni kitu gani hatukipimi?

#1 Mtunza_Daftari (Dar es Salaam)

Habari za jioni wanajukwaa. Nafanya kazi katika kitengo cha vihatarishi cha benki ya ukubwa wa kati, na kila robo mwaka ni mimi ninayeandaa jedwali la jaribio la uhimilivu (kuigiza mwaka mbaya na kuona kama mtaji utatosha) linalokwenda kwa bodi. Kwa miezi kadhaa sasa jedwali hilo limekuwa likinikosesha amani, nami naomba tulijadili kwa kina.

Chukueni mfano wa kubuni. Benki ina mtaji wa shilingi bilioni 18, na mali zake zilizopimwa kwa uzito wa vihatarishi, yaani kila mali ikihesabiwa kwa kadiri ya hatari yake, ni bilioni 120, hivyo uwiano wa mtaji ni asilimia 15. Mikopo yake ni bilioni 110. Naigiza msukosuko: asilimia 6 ya mikopo hiyo, yaani bilioni 6.6, inageuka chechefu, yaani wakopaji wanaacha kulipa, na nusu yake haipatikani tena. Hasara ni bilioni 3.3. Mtaji unashuka hadi bilioni 14.7, mali zilizopimwa nazo zinapungua kwa hasara hiyohiyo hadi bilioni 116.7, na uwiano unabaki asilimia 12.6, juu kidogo ya asilimia 12 inayotakiwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa mtaji wote. Napaka kisanduku rangi ya kijani, bodi inashukuru, tunahamia ajenda inayofuata.

Sasa tazameni yaliyotokea Ulaya. Julai 2010 benki 91 zilipimwa, saba tu zikafeli, na pengo la mtaji la hizo saba kwa jumla lilikuwa euro bilioni 3.5. Benki mbili kubwa za Ireland zilikuwa miongoni mwa zilizofaulu. Novemba mwaka uleule Ireland iliingia kwenye mpango wa uokoaji wa euro bilioni 85, na benki ndizo zilizokuwa mzigo mkubwa. Mwaka uliofuata, benki ya Dexia ya Ubelgiji na Ufaransa ilifaulu jaribio la Julai ikiwa na uwiano wa asilimia 10.4 hata baada ya msukosuko wa kuigizwa, na Oktoba ikaanza kuvunjwa.

Swali langu ni hili: kosa liko kwenye modeli, kwenye msukosuko tunaouchagua, au kwenye namba tunazoilisha modeli?

#2 Bahari_Shwari (Mombasa)

Salamu kutoka Mombasa. Kwanza sahihisho dogo kwa wasomaji wa huku kwetu, ili mtu asichukue asilimia 12 akaenda nayo mkutanoni: Benki Kuu ya Kenya inataka mtaji wote usipungue asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa vihatarishi, na mtaji wa msingi asilimia 10.5, kinga ya asilimia 2.5 ikiwa imeshajumlishwa humo.

Kuhusu swali lenyewe, mimi nasema ni namba. Huku tulipata somo ndani ya miezi minane. Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015. Imperial Bank ikawekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, wiki chache tu baada ya kuuza hatifungani ya shilingi bilioni 2 kwa wawekezaji waliosoma hesabu zake na kuridhika nazo. Kisha Chase Bank, Aprili 2016: ilitoa hesabu za mwaka, na baada ya muda mfupi sana ikatoa hesabu nyingine za mwaka uleule zilizoonyesha hasara ya takriban shilingi milioni 743, na mikopo ya watu wa ndani ikiwa mikubwa kuliko ilivyoandikwa mwanzo. Wenye amana walipanga foleni, na benki ikafunga milango.

Niambieni, ni modeli gani ingegundua hayo? Ukiipa modeli kitabu ambacho nusu yake imefichwa, itakupa jibu sahihi kabisa kuhusu nusu iliyobaki.

#3 Kanuni_Tatu

Nakubali kwamba udanganyifu haupimwi kwa fomula, lakini tusijifiche nyuma ya udanganyifu. Benki za Ireland hazikufilisika kwa sababu ya vitabu viwili. Zilikopesha wajenzi wa nyumba, bei za nyumba zikaporomoka, na wajenzi wakaanguka pamoja. Neno la kushika hapo ni "pamoja".

Hasara inayotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, sehemu ya mkopo inayopotea akishindwa, na kiasi anachodaiwa siku hiyo. Hiyo ndiyo hesabu anayoifanya Mtunza_Daftari, na ndiyo iliyomo ndani ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 9 tunachokitumia tangu Januari 2018. Hasara hiyo hulipiwa na tengo, yaani fedha zilizotengwa mapema kwa ajili yake. Mtaji una kazi nyingine, nayo ni kubeba hasara ya mwaka mbaya ambao haukutarajiwa, na ukubwa wa hasara hiyo unategemea kwa kiasi gani wakopaji wanasukumwa na upepo mmoja.

Fomula ya Basel (kanuni za kimataifa za mtaji wa benki) ya mwaka 2004, iliyojengwa juu ya kazi ya mwanahisabati Vasicek, inauliza: katika mwaka mbaya kiasi kwamba miaka 999 kati ya 1,000 ni afadhali kuliko huo, ni wakopaji wangapi watashindwa kulipa? Tuseme kwa kawaida wanashindwa asilimia 2 kwa mwaka. Kama kila mmoja anaanguka kwa sababu zake mwenyewe, na wakopaji ni wengi, mwaka mbaya nao utakuwa na asilimia 2 tu au karibu na hapo. Ukiweka uhusiano (kiasi cha kuanguka pamoja) wa asilimia 15 kati yao, mwaka mbaya unakuwa na asilimia 17.6. Ukiweka uhusiano wa asilimia 30, unafika asilimia 33. Wakopaji ni walewale na wastani wao ni uleule wa asilimia 2; kilichobadilika ni namba moja tu, tena namba ambayo benki nyingi hazijawahi kuipima, zimeichukua kitabuni.

Mtunza_Daftari, ile asilimia 6 ya kwenye jedwali lako ilitoka wapi?

#4 Mkaguzi_Mstaafu

Vijana, nimefurahi kusoma mjadala huu. Nilikagua benki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nami nina machache ya kuongeza.

Siku moja, katika tawi ambalo sitalitaja, niliomba mafaili ishirini ya mikopo mikubwa. Mfumo ulionyesha yote ni mikopo ya kawaida, haina hata siku moja ya kuchelewa. Nilianza kulinganisha mihuri ya tarehe. Katika faili la kwanza rejesho lilikuwa limekwama, na siku ya 88 mteja akapewa mkopo mpya wenye kiasi kinacholingana na deni pamoja na riba yake. Fedha hazikutoka nje ya benki. Ziliingia akaunti moja saa nne asubuhi na kutoka saa nne na dakika kumi. Faili la pili, siku ya 86. La tatu, siku ya 89. Mkopo ukifika siku 90 bila kulipwa unahesabiwa chechefu na benki inalazimika kutenga fedha, kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa akihesabu siku kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyohesabu marejesho. Katika ishirini, nilikuta kumi na moja.

Tawi lile lingepita kila jaribio la uhimilivu, kwa sababu uwezekano wa kushindwa kulipa hukokotolewa kutokana na historia ya walioshindwa, na hapo hapakuwa na aliyeshindwa kwenye kumbukumbu. Ndugu yangu Kanuni_Tatu anaeleza hesabu vizuri sana, lakini ile asilimia 2 anayoanzia imeandikwa na binadamu mwenye bosi.

#5 Mlango_wa_Chuma

Shikamoo Mzee. Bandiko namba 4 nimelichapisha na kuliweka mezani kwangu.

Swali kwa Kanuni_Tatu: kwa hiyo katika mfano wako benki inatakiwa kuwa na mtaji wa asilimia 17.6 ya mikopo? Mbona hakuna benki yenye mtaji huo?

#6 Kanuni_Tatu

Hapana, mkuu. Asilimia 17.6 ni wakopaji watakaoshindwa, siyo hasara. Unaondoa kwanza asilimia 2 iliyokwishalipiwa na tengo, inabaki 15.6, kisha unazidisha na sehemu inayopotea. Ukichukua asilimia 45, mtaji unaohitajika ni kama asilimia 7 ya mikopo hiyo. Nisahihishe pia maneno yangu mwenyewe: asilimia 15 ni uhusiano ambao Basel iliuweka kwa mikopo ya nyumba; kwa kampuni kubwa unakwenda kati ya asilimia 12 na 24. Namba hizo zilikadiriwa kwa takwimu za nchi zenye uchumi mpana, ambako kiwanda kikifungwa mji mmoja, mji wa pili una shughuli nyingine kabisa.

#7 Binti_Newala

Hapo mwisho pamenigusa, naomba nieleze ya kwetu.

Nilikuwa afisa mikopo Newala msimu wa korosho wa 2018. Kwenye ripoti za makao makuu, mikopo ya tawi letu ilionekana imetawanywa vizuri: biashara ndogo, usafirishaji, kilimo, ujenzi wa makazi, huduma. Hakuna sekta iliyozidi kikomo. Mwishoni mwa Oktoba wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba 12 Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ulichukua muda, na malipo yalichelewa kuwafikia wengi.

Nilimtembelea mteja wetu aliyekuwa na duka la salfa na pembejeo. Alinionyesha daftari lake, la kurasa zilizokunjamana, majina yameandikwa kwa penseli ili yafutike mtu akilipa. Mwezi kama ule mwaka uliotangulia, kurasa zilikuwa nyeupe kwa kufutwafutwa. Safari hii hakuna jina lililokuwa limefutwa. Nikasoma orodha. Alikuwemo mwenye bodaboda ambaye ni mteja wetu, na pikipiki yake ilikuwa dhamana kwetu. Alikuwemo mama lishe wa stendi, mteja wetu pia, ambaye ana mikorosho thelathini kijijini kwao. Alikuwemo fundi aliyekuwa akijenga nyumba ya mteja wetu mwingine. Sekta tano za kwenye ripoti zilikuwa kwenye daftari moja, na wote walikuwa wakisubiri kitu kimoja.

Mikopo mingi ilikuja kulipwa baadaye, kwa hiyo sisemi kwamba benki ilianguka. Ninachosema ni kwamba uhusiano ule wa asilimia 15 ungekuwa kichekesho pale.

#8 Mtunza_Daftari

Ahsante Binti_Newala. Nimelisoma bandiko lako mara tatu.

Kanuni_Tatu ameniuliza asilimia 6 ilitoka wapi, nami nitajibu kwa ukweli. Niliirithi. Aliyenitangulia aliichukua kutoka kwenye ongezeko kubwa kuliko yote la mikopo chechefu katika benki yetu, na takwimu zetu safi zinaanzia mwaka 2013. Mikopo chechefu katika sekta nzima ya benki nchini ilivuka asilimia 10 mwaka 2017 na baadaye ikashuka hadi chini ya asilimia 5. Hilo ndilo wimbi moja tu tulilonalo kwenye kumbukumbu, na kwa wimbi hilo moja tunataka kukadiria mwaka mbaya wa miaka 1,000.

#9 Mkazi_wa_Dublin

Naishi Dublin, na kwa kuwa Ireland imetajwa, naomba niongeze sehemu ambayo haikusemwa. Jaribio la Ulaya la 2010 lilifeli, lakini la Ireland yenyewe la 2011 lilifaulu, na tofauti kati yake inajibu swali la uzi huu kwa kiasi fulani.

Machi 2011 Benki Kuu ya Ireland haikuridhika na takwimu za benki zenyewe. Iliajiri kampuni ya nje, BlackRock Solutions, ikachambue mikopo yenyewe na kukadiria hasara zake hadi mwisho wa maisha ya mikopo hiyo, badala ya hasara za mwaka mmoja au miwili. Matokeo yalisema benki nne zinahitaji euro bilioni 24. Linganisheni na euro bilioni 3.5 ambazo Ulaya nzima ilidaiwa kuzihitaji miezi minane kabla. Watu waliumia kuisikia namba ile, lakini waliiamini, kwa sababu ilitoka kwenye mafaili.

Kuna jambo jingine kuhusu jaribio la 2010. Bei za hatifungani za serikali zilishushwa kwa zile zilizokuwa kwenye vitabu vya biashara tu. Zile zilizokusudiwa kushikwa hadi kuiva, ambazo ndizo nyingi, ziliachwa kama zilivyo. Mpimaji aliogopa kuandika kwamba serikali inaweza kushindwa kulipa, kwa kuwa aliyemtuma ni serikali. Kwa hiyo mimi naona kosa lilikuwa kwenye msukosuko uliochaguliwa, na lilikuwa kosa la woga.

#10 Bahari_Shwari

Mkazi_wa_Dublin amegusa kidonda. Hata sisi hatifungani za serikali zetu kwa shilingi zina uzito wa sifuri, maana yake unaweza kuzijaza mpaka kwenye paa na uwiano wa mtaji usitikisike. Na Serikali hiyohiyo ndiyo inayochelewa kuwalipa makandarasi. Mkandarasi amekopa benki akiwa na hati ya kazi ya kaunti, kazi amemaliza, malipo hayaji, mkopo unaharibika. Mikopo isiyolipika ilipita asilimia 16 nchini Kenya mwaka 2024, na ukiongea na wakopeshaji hapa Pwani, madeni ambayo serikali haijawalipa watu ndiyo sababu ya kwanza watakayokutajia. Kwa hiyo serikali ina uzito wa sifuri ikikopa yenyewe, na hasara inayosababishwa na ucheleweshaji wake inaandikwa kwa jina la mkandarasi.

Kando ya mada: enyi watu wa Bara, hilo neno "chechefu" mlilitoa wapi? Mama yangu ameliona kwenye skrini yangu akadhani nazungumzia tumbo.

#11 Dalali_wa_Haki

Mpe mama salamu, na mwambie kwamba mikopo hiyo nayo huwaumiza watu matumbo. Huku kwetu hata kwenye taarifa za Benki Kuu ni neno la kawaida.

Mimi ni mwanasheria wa ukusanyaji madeni, na nashangaa mabandiko kumi yamepita bila mtu kugusa ile "nusu inapotea" ya bandiko la kwanza. Nitawapa kesi moja niliyoisimamia, bila kutaja benki.

Mkopo ulikuwa na salio la shilingi milioni 120. Dhamana ilikuwa nyumba Mbezi, ambayo mthamini aliandika milioni 180. Kwenye mfumo wa benki mkopo huo ulihesabiwa kuwa hauna hasara, kwa kuwa dhamana inazidi deni. Mteja alipokwama, mkewe alifungua shauri kwamba ni nyumba ya familia na hakutoa ridhaa, na sahihi iliyo kwenye fomu si yake. Zuio likatolewa. Mashahidi wakaitwa, mtaalamu wa maandishi akaitwa, hakimu akahamishwa, tukaanza upya. Nyumba iliuzwa mnadani baada ya miaka mitatu kwa milioni 95. Toa milioni 11 za dalali, matangazo na mawakili, zinabaki 84. Kama ungekuwa na fedha hizo tangu siku ya kwanza ungezikopesha kwa asilimia 16, kwa hiyo thamani yake ya siku ile mkopo ulipoharibika ni kama milioni 53.8. Hasara ni asilimia 55 ya deni, kwa mkopo ulioandikwa kwamba hauna hasara.

Na mwaka ule dhamana nyingi zilikuwa mnadani kwa wakati mmoja. Wanunuzi walikuwa watu walewale sita, wamekaa viti vya mbele, wanajuana. Uwezekano wa kushindwa kulipa na hasara ya kushindwa huko hupanda mkono kwa mkono, lakini kwenye modeli nyingi nilizoziona zimewekwa kama vitu visivyojuana.

#12 Upepo_wa_Kusi

Nawaheshimu wote, lakini naona mnapima upande mmoja wa mizania. Benki haifi siku mtaji unapoisha. Inafa siku amana zinapoondoka.

Silicon Valley Bank ilikuwa na uwiano wa mtaji unaokubalika. Mali zake zilikuwa hatifungani za serikali ya Marekani na zile zinazotokana na mikopo ya nyumba, ambazo kwa upande wa hatari ya mkopo zilikuwa salama. Riba zikapanda, bei za hatifungani zikashuka, na Machi 9, 2023 wateja wakatoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ikafungwa. Msukosuko mkali uliotumiwa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2022 kwa benki kubwa ulikuwa na riba za muda mfupi zinazobaki karibu na sifuri na za muda mrefu zinazoshuka, yaani kinyume kabisa cha kilichotokea. Hapa kwetu Bank M, Agosti 2018, ilichukuliwa na Benki Kuu kwa tatizo la ukwasi, yaani kukosa fedha za kuwalipa wenye amana, na baadaye mali na madeni yake yakahamishiwa Azania Bank. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2016 amana za taasisi za Serikali zilihamishwa kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Hiyo ilikuwa sera, na sera haimo kwenye modeli ya mikopo ya mtu yeyote.

#13 Mkaguzi_Mstaafu

Upepo_wa_Kusi, mwanangu, nakubaliana nawe nusu. Watu hawatoi fedha bila sababu. Katika benki nilizoziona zikikaukiwa, fedha ziliondoka kwa sababu mtu fulani, mara nyingi mweka amana mkubwa mwenye rafiki ndani, alijua kwamba mikopo imeoza kabla ya mkaguzi kujua. Ukwasi ulikuwa homa, na ugonjwa ulikuwa kwenye mafaili.

#14 Upepo_wa_Kusi

Mzee, kwa heshima zote, Silicon Valley Bank haikuwa na mikopo iliyooza kiasi cha kuiua. Homa peke yake iliua.

#15 Kanuni_Tatu

Hapo wote wawili mnaweza kuwa na haki, ila kwa benki tofauti.

Nirudi kwa Mkazi_wa_Dublin kuhusu woga. Jaribio ambalo wengi wanalisifu ni la Marekani la 2009, lililopima benki 19 na kutangaza Mei 7 kwamba 10 kati yake zinahitaji jumla ya dola bilioni 74.6. Husifiwa kwa ukali wa msukosuko wake, lakini tazameni namba: hali mbaya iliyoigizwa iliweka ukosefu wa ajira kwa wastani wa asilimia 10.3 mwaka 2010, na hali halisi ilifika asilimia 10 Oktoba 2009. Msukosuko haukuwa mkali kupita kiasi. Kilichofanya watu waamini ni kwamba fedha za Hazina zilikuwa tayari mezani kwa benki itakayokosa mtaji sokoni. Ulaya mwaka 2010 iliuliza swali bila kuwa na fedha za kulijibu, na anayeuliza akiwa hana fedha hujitahidi apate jibu dogo. Hiyo ni sababu ya nne, nje ya zile tatu za Mtunza_Daftari.

Kwa kazi ya kila siku napendekeza jaribio la kinyumenyume. Usianze na asilimia 6 ukauliza mtaji utabaki kiasi gani. Anza na benki iliyokufa, kisha uliza ni mambo gani yangeifikisha pale, na uyaandike kwa majina yake.

#16 Mlango_wa_Chuma

Kwa majina yake, basi nami nina moja.

Benki niliyofanyia kazi ilijivunia mikopo ya watumishi wa umma. Makato yalifanyika Hazina kabla mshahara haujamfikia mtu, na uwezekano wa kushindwa kulipa uliandikwa chini ya asilimia 1. Kwa miaka mingi ulikuwa kweli. Aprili 28, 2017 Rais alipokea ripoti ya uhakiki yenye watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe. Mwezi uliofuata nilifungua faili la makato na kukuta mistari mitupu mahali palipokuwa na majina. Mwalimu, muuguzi, dereva, kutoka wilaya ambazo hazina uhusiano wowote, waliokopa miaka tofauti kwa sababu tofauti. Bima ilikuwa ya kifo na ulemavu. Cheti cha kughushi hakikuwemo.

Kanuni_Tatu, ungeupa uhusiano wao asilimia ngapi siku moja kabla?

#17 Kanuni_Tatu

Siku moja kabla ningeandika asilimia 4, na ningeitetea mbele ya bodi.

#18 Binti_Newala

Mlango_wa_Chuma, pole. Nakumbuka walimu wawili waliokuja tawini kwetu wakiwa wameshika barua zilezile, hawajui waanzie wapi.

Naomba kumpa Mtunza_Daftari kitu kimoja cha vitendo. Usizipange sekta kwa shughuli ya mkopaji. Muulize kila afisa mikopo wa tawi: fedha za kulipa rejesho hili zinaanzia mfukoni mwa nani? Newala jibu litakuwa mnunuzi wa korosho. Dodoma nadhani litakuwa mshahara wa Serikali, hata kwa muuza chipsi. Mtapata orodha fupi kuliko mnavyotarajia.

#19 Dalali_wa_Haki

Na safu nyingine ya pili: ni nani atanunua dhamana hii, na je, yeye naye analipwa na mfuko huohuo?

#20 Mtunza_Daftari

Ahsanteni wote. Mzee, sina mamlaka ya kuvuta mafaili kama uliyokuwa nayo, lakini mfumo wetu unaweza kunitolea kila mkopo mpya uliolipwa ndani ya akaunti ya mteja mwenye deni la siku 80 hadi 89. Nimeuandika utafutaji huo leo mchana na kuukimbiza kwa tawi moja tu, la mjini, ambalo sikulitilia shaka hata kidogo. Umerudi na mistari saba.

Kabla sijaukimbiza kwa matawi yote, nishaurini: orodha ya namna hiyo niipeleke kwanza kwa mkuu wangu wa kitengo, kwa mkaguzi wa ndani, au kwenye kamati ya bodi?